Chokaa Nayo Ina Eda

Wiki iliyopita wamenijia vijana wawili wa ofisi, wa kike na wa kiume, wasafi, wananukia. Shikamoo Bibi, marahaba, karibuni. Nikawapa chai. Wakatoa kalamu. Wanataka kujua, ati, mtaani kwetu huku Amani watu wasio na makaazi wako wangapi, kwa sababu sasa kuna mpango wa kuwasaidia. Nikawauliza, mmepita wapi kuwatafuta? Yule wa kiume akasema wamepita sokoni, wamepita kwenye mabaraza, hawajaona mtu kalala. Basi akaandika hakuna. Mbele ya macho yangu, na chai yangu mkononi, akaandika hakuna.

Niliyowaambia siyarudii hapa, wanayajua wenyewe, walitoka na viatu wamevishika. Mjukuu wangu akaniambia, Bibi, badala ya kuwafukuza watu ungewaeleza. Haya, naeleza. Yenu haya, nyie wawili na wenzenu wote mnaopewa kazi ya nyumba za watu.

Kwetu mtu asiye na nyumba humkuti barabarani. Jamaa hawakubali, aibu. Yumo ndani, kwenye ukumbi wa shemeji yake, wa wifi yake, wa mtu aliyesali naye. Mnataka kumjua? Tazameni mkeka. Mwenye nyumba akiamka mkeka anauacha hapo hapo, anakwenda msalani, anarudi anajinyoosha tena. Asiye na nyumba anaukunja kabla hajaamka mtu yeyote, anausimamisha nyuma ya mlango, anakaa kitini kama mgeni aliyefika sasa hivi. Huyo ndiye wenu. Kwa kalamu hapatikani.

Mie mama yangu kaniita Subira. Kila aliyefanya kazi na mie anajua kama Mungu alicheka siku ile. Nimeingia kazini miaka ya thamanini, msichana, kibarua katika genge la mafundi waliokuwa wakitengeneza nyumba za serikali Mji Mkongwe. Skuli nliiacha mapema. Kazi nimejifunza kwa macho, na kwa kuuliza mpaka watu wanikimbie. Sie wanawake kazi yetu ilikuwa kuchekecha mchanga, kubeba maji, kugeuza chokaa, na kupiga sakafu. Kupiga sakafu ntakuelezeni, maana bila ya hiyo hadithi hii haipo.

Mkubwa wetu alikuwa Fundi Mcha, mtu wa Makunduchi, mrefu, maneno machache. Akikasirika alikuwa anasema kwa Kimakunduchi chao, kwa hivyo wengine hatujui tumetukanwa nini, na labda ndiyo maana tulidumu naye. Ukuta alikuwa anaupiga kwa kifundo cha kidole na sikio kaliweka pale pale, kama daktari. Akikuta ufa, anachukua kipande cha kioo, anakibandika kwa plasta juu ya ufa, huku na huku. Halafu anangojea. Ukuta ukiwa unatembea, kioo kinapasuka. Kioo kikiwa kizima, ufa ule ni wa zamani, umeshapumzika, na nyumba haiendi pahala.

Msidhani alikuwa malaika. Siku moja, mtaa wa nyuma ya soko, kaegemeza ukuta kwa gogo zuri, kasimama mbali kulitazama, na gogo likazama mbele ya macho yetu taratibu kama mtu anayekaa kitako. Kumbe chini kulikuwa na karo la zamani la choo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye mwenyewe alicheka, akasema, hili nalo limekwenda msalani. Tokea siku hiyo hatuweki gogo bila ya kuchimba kwanza. Nanyie mchimbe. Mji ule una makaro kuliko misikiti.

Sasa ofisi. Mkubwa wa ofisi, kwa upande wa nyumba mbovu, alikuwa bwana mmoja anaitwa Khatibu. Nyumba ikiwa mbovu, anawahamisha watu, kwa muda, ili itengenezwe. Neno lake lilikuwa hilo, kwa muda. Wengine walipewa viwanja nje ya mji, wengine fleti. Na mie sisemi ilikuwa uongo mtupu, nyumba nyingine zilikuwa zinaanguka kweli, na mtu akifa chini ya boriti hafufuki kwa sababu alikuwa anaipenda nyumba yake. Lakini Khatibu alikuwa akihesabu vichwa na vyumba. Kichwa kikiingia chumbani, kwake kazi imekwisha.

Alimhamisha Bi Time. Bi Time alikuwa bibi wa peke yake, macho yamemwishia, lakini mtaani kwake alikuwa anatembea kama ana macho sita. Huyu anamletea maji, yule anampitishia uji, mtoto anamshika mkono mpaka mlangoni. Nyumba yao ikafungwa, Bi Time akapelekwa Michenzani, fleti ya juu kabisa. Chumba kikavu, kizuri, sina la kusema juu ya chumba. Ila maji hayapandi huko, na yeye hashuki. Akawa anateremsha kikapu kwa kamba, anayepita chini amtilie mkate. Siku moja kikapu kikaning'inia tokea asubuhi hadi alasiri, mkate umo, hakuna anayevuta. Hivyo ndivyo walivyojua.

Nlikwenda ofisini kwa Khatibu nikamwambia nyumba si chumba, nyumba ni nani atakusikia ukianguka. Akaniambia, Subira, wewe kazi yako chokaa.

Haya. Chokaa.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, tukapelekwa kwenye nyumba moja ya ghorofa mbili karibu na pwani, nyumba pana, mlango wa nakshi, sakafu ya juu wazi, ile ya kuanikia. Ilikuwa inavuja hapo juu, na ukuta mmoja una ufa. Ndani walikuwa wamebaki wapangaji wawili. Chini, Mama Anastazia, bibi wa asili ya bara, Mkristo, kafiwa zamani na mume aliyekuwa mchukuzi bandarini, hana mtoto, hana ndugu kisiwani. Alikuwa akikaanga muhogo pale mlangoni. Juu, Bi Raya na mumewe. Nyumba ile babu yake Bi Raya ndiye aliyeijenga, zamani walipokuwa na mashamba. Sasa alikuwa mpangaji wa chumba na ukumbi ndani ya nyumba ya babu yake, na hata siku moja sikumsikia kulalamika. Alikuwa akilalamika juu ya vumbi letu.

Siku ya kwanza nliyopanda alinitazama juu chini, akauliza mtoto wa nani wewe, una mdomo hivi? Nikamwambia wa Ng'ambo, Bi. Akasema, nimesikia. Basi mie na yeye tukawa maadui siku nzima, na jioni akanipa halua.

Yeye na Mama Anastazia walikuwa wakiishi kama ulimi na mate. Bi Raya kisukari, Anastazia magoti. Bi Raya hashuki ngazi bila ya Anastazia, Anastazia hajui kumpiga mtu sindano, lakini alikuwa anajua Bi Raya akinyamaza vibaya. Anasikia kwa chini. Anapiga dari kwa mwiko, wa juu akijibu kwa kiatu, mzima. Asipojibu, anapanda na magoti yake vile vile. Nyie leo mna jina refu la makaazi ya namna hiyo, mmeniambia wenyewe, makaazi yenye huduma. Wale walikuwa nayo kwa mwiko na kiatu.

Khatibu akaja akatoa amri: wote wahame wiki mbili, nyumba itengenezwe. Mama Anastazia akatii. Aliogopa serikali, alikuwa mtu wa kusema ndiyo bwana. Kafunga karai lake na mkeka, akenda kulala ukumbini kwa mwanamke mmoja anayesali naye. Alipotoka tu, chumba chake kikatiwa kufuli. Na pale mlangoni nikamuona Khatibu anamwonyesha nakshi bwana mmoja mgeni aliyevaa kaptura, anapapasa ule mlango kama ng'ombe wa mnada. Nikajua. Nyumba ikikutwa tupu inarudi ofisini, na ikirudi ofisini hairudi kwa mtu.

Bi Raya alikuwa ahame wiki inayofuata. Mumewe akafa Jumatano. Homa ya siku mbili tu, mzee wa watu.

Sasa mwanamke kafiwa, kakaa eda. Miezi mine na siku kumi hatoki ndani ya nyumba aliyofia mumewe, na mwanamme asiye maharimu wake hamwoni. Khatibu alikuja kutoa rambirambi, kakaa barazani, kavua kofia, na mie namwona anahesabu kwa vidole. Halafu akamwendea sheikh wa msikiti wa mtaani, akauliza kama mjane anaweza kuhama. Sheikh akamwambia, kwa dharura anaweza, nyumba ikiwa inaanguka. Akarudi anatabasamu. Nyumba inaanguka, akasema.

Fundi Mcha alikuwa juu ya ngazi, hakugeuka. Akasema, mlete sheikh.

Sheikh akaja kweli, mzee mzito, anahema. Fundi Mcha akampeleka mpaka kwenye ufa, akamwonyesha kioo. Kilikuwa pale tokea vuli, alipotumwa kuikagua nyumba, na bado kizima. Sheikh akakitazama, akakipitishia kidole, akauliza mvua za vuli zilikuwa kubwa? Kubwa, sheikh. Akamgeukia Khatibu, akamwambia, bwana, hii si dharura, hii ni haraka yako.

Basi Bi Raya akabaki. Hakuna askari wala hamali atakayeingia kumtoa mjane nyuma ya pazia. Mie peke yangu nlikuwa naingia. Wanaume wa genge wakipanda wanapiga hodi, wanangojea, pazia linashushwa, halafu Bi Raya anaanza kuwasimamia kazi kwa nyuma ya pazia. Huyo anayepiga nyundo kama anaua nyoka ni nani? Mwambieni ukuta haujamkosea.

Na Mama Anastazia akawa anakuja kila asubuhi kutoka huko alikolala, anakaanga muhogo pale pale mlangoni, nje ya chumba chake mwenyewe chenye kufuli. Anapiga ukuta kwa mwiko. Kiatu kinajibu.

Sasa chokaa. Sikilizeni, maana hii ndiyo kazi. Chokaa ya mawe ya pwani ikishachomwa haitumiki siku ile ile. Inatiwa maji, inachemka, inafoka, ukiikaribia inakutia upofu. Unaifukia shimoni, unaiweka na unyevu isikauke, unaiacha. Miezi. Mtu mwenye pupa akiitoa mapema, inakuja kupasukia ukutani, vidonge vidonge, kama uso wenye ndui. Siku ile Bi Raya alipokaa eda, Fundi Mcha akatwambia tuchimbe shimo uani. Mie nikauliza chokaa ya nini, na amri ya kupiga sakafu hatuna? Akasema ukarabati si ndio sababu watu wamehamishwa? Basi tunakarabati. Akatazama dirisha la juu lenye pazia. Chokaa nayo ina eda, akasema. Watatoka pamoja.

Hapo ndipo nlipofahamu, na wallahi sikulala kwa furaha.

Maana siku ya mjane kutoka eda, kwao Bi Raya, hakai ndani. Anaogeshwa, anavikwa nguo mpya, anatembezwa kwa jamaa wote waliomzika mumewe, kuwashukuru. Kutwa nzima. Nyumba inabaki tupu, na Khatibu alikuwa akilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Alishatwambia: siku hiyo natia kufuli, na Bi Raya atapata fleti. Nikamuuliza ya juu au ya chini?

Na sakafu je? Sakafu ya chokaa, vijana, si zege. Unatandaza kokoto na chokaa juu ya boriti, halafu wanawake wanakaa mstari, kila mmoja na fimbo yake bapa, wanapiga. Wanapiga na kurudi nyuma, wanapiga na kurudi nyuma, mmoja anapita ananyunyiza maji. Siku tatu. Kwa nyimbo, maana bila ya nyimbo mikono haiendi pamoja. Unapiga mpaka fimbo iruke yenyewe. Na ikishaanza haiachwi. Ukiiacha siku ya kwanza inapasuka yote, na chokaa yako yote na nguvu zako zimekwenda na maji.

Nlipita Ng'ambo nyumba kwa nyumba. Shangazi, mama mdogo, wake wa mafundi, wanawake niliogombana nao kisimani. Niliwaambia kuna sakafu ya kupiga na kuna bwana wa kuudhi. Walikuja zaidi kwa hilo la pili.

Asubuhi ile Bi Raya alitoka. Mara yangu ya kwanza kumuona kwenye jua tokea msiba, kavaa buibui jipya, kashikwa mkono na binamu zake. Akasita mlangoni. Akaniuliza kwa sauti ndogo, nikirudi ntaingia? Nikamwambia, Bi, utaingia na utatulalamikia vumbi.

Tulikuwa juu tumeshaanza Khatibu alipofika. Yeye, mtu wake wa mnyororo, na lile kufuli kubwa kama kobe. Akasimama kichochoroni, akatazama juu. Wanawake wote wale, na fimbo. Mtaa mzima unatikisika.

Akaita, Subira.

Nikaitika, naam.

"Teremkeni. Nyumba inafungwa."

"Basi ifungie mvua kwanza isije. Sakafu iko mbichi, bwana."

"Nimesema teremkeni. Hii nyumba tupu."

Hapo wanawake walicheka. Nikainama ukingoni, nikamwambia, bwana Khatibu, hii chokaa ya ofisi, fundi wa ofisi, na mie mwajiriwa wa ofisi. Ukitia kufuli unaifungia serikali ndani. Uko tayari?

Akasema, "Kesho usije kazini."

"Kesho sakafu haijakauka. Ntakuja."

Shangazi yangu akaanzisha wimbo, alioutunga pale pale, na mpaka leo sijui kaupata wapi: kufuli analo, ufunguo anao, mlango ndio hana. Fimbo zote zikaitikia. Mlango ndio hana. Watu wakatoka majumbani, wauza samaki wakasimama. Nikatazama mwisho wa mstari, nikamuona Mama Anastazia. Kapanda na magoti yake ngazi zote zile, kakaa chini, anapiga kwa mwiko wa muhogo. Mtu wa ndiyo bwana. Analia na anapiga.

Fundi Mcha akateremka, akampita Khatibu. Akavunja kufuli la chumba cha Anastazia kwa nyundo mbili, akaingiza karai lake na mkeka, akarudi kazini. Khatibu akasimama kidogo na kobe lake mkononi, halafu akaondoka. Tulipiga siku tatu. Bi Raya alirudi magharibi ile ya kwanza, akapanda ngazi zimejaa chokaa, na neno lake la kwanza lilikuwa juu ya ngazi. Nlifukuzwa, nikarudishwa, nikafukuzwa tena. Hiyo si hadithi. Kila aliyekuwa na mdomo ilimpata.

Mkitaka niishie hapo, ndipo mnapopapenda. Mnapenda sakafu na nyimbo. Lakini mie sijakasirika kwa ajili ya siku ile.

Wale wawili walikaa pale miaka, mwiko na kiatu, na sakafu haikuvuja tone. Halafu, miaka ya elfu mbili imeshaingia, asubuhi moja mwiko ukapiga na kiatu hakikujibu. Tulimzika Bi Raya baada ya adhuhuri. Khatibu keshastaafu, kulikuwa na kijana mwengine, mpole, msomi, kanipa mkono. Jioni ile ile akatia kufuli. Nikamwambia Mama Anastazia bado anaishi chini. Akasema kwa upole, Bibi, kwenye mkataba wa nyumba hii kuna Bi Raya na mumewe tu, wa chini alifutwa siku alipohama. Huyu mama ni nani yake?

Ni nani yake. Mke kafiwa, ana eda, dunia nzima inamngojea miezi mine na siku kumi. Rafiki aliyemsikiliza miaka yote kwa chini, hakuwekewa hata usiku mmoja. Karai lake tumelikuta barazani.

Sasa ni hoteli. Wageni wanakunywa chai juu ya sakafu yetu.

Mama Anastazia yuko kwangu, Amani, chumba cha pili. Siku mlipokuja alikuwa uani anamenya muhogo, mumempita, amekwambieni karibuni. Nimempa kitanda, kakataa, kasema mkeka unamtosha. Nimempa ufunguo. Nimeapa mbele ya wanangu kwamba hapa ni kwake mpaka mmoja wetu afe. Anasema ndiyo, Subira, ahsante, Subira.

Na kila alfajiri, kabla ya adhana, namsikia kwenye ukuta. Anaukunja mkeka.